Kushona ukuta wa Takwa kwa uzi wa pamba na moto

Kila nikimaliza abaya tatu hubaki na mfuko mzima wa vipande: oganza ya mikono, shifoni ya mtandio, saten ya bitana, ukanda mweusi wa nida, kitambaa chenyewe cha abaya, usiofaa kuunganishwa na kitu. Mamangu, aliyenifundisha cherehani katika chumba hikihiki cha Langoni, Lamu, alikuwa akivishindilia kwenye mito. Mimi huvipanga tabaka juu ya tabaka, nikavishona vikawa ukuta, kisha nikautia moto.

Nikisema ukuta namaanisha kuta za Takwa. Ukivuka kwenda kisiwa cha Manda maji yakiwa yamejaa, ukapita kwenye mikoko hadi magofuni, utaona mji ulioachwa na watu wake karne ya 17. Chokaa imebanduka kwa mabamba. Chini ya chokaa ni mawe ya matumbawe yenye vishimo elfu, na ndani ya vishimo kuna mchanga, kuvu ya kijani, mizizi. Nilisimama pale mbele ya ukuta mmoja wa msikiti nikaona ni oganza juu ya saten juu ya pamba. Na chokaa yenyewe, tukikumbuka, ni matumbawe yaliyochomwa tanuuni yakawa unga. Moto ulikuwa ndani ya ukuta ule tangu siku ya kwanza.

Nitakueleza kazi ya kipande kimoja, upana sentimita 30 na urefu 40, kwa sababu ndicho ninachowaanzishia wasichana wanaokuja kwangu alasiri. Ukikiweza hicho, utaweza pazia zima.

Shika kwanza jambo hili, maana yote mengine yametoka hapo: kinachochora ni mshono. Moto hula tu kile ambacho uzi haukukishika. Mshonaji wa kofia za viua hahitaji kuambiwa haya. Uzuri wa kofia uko kwenye vile vitundu, na kila kitundu kimezungushiwa uzi kikakaza. Bila uzi ni kitambaa kilichotoboka. Tunafanya kazi ileile, ila badala ya msumari wa kutobolea tuna joto.

Kijue kitambaa chako kwa kiberiti

Usinunue kwa jina. Dukani kila kinachong'aa huitwa hariri. Kata kipande cha ukubwa wa stempu, kishike kwa kibano juu ya sahani yenye maji, uguse ukingo wake kwa mwali mdogo.

Poliesta hujikunja ikiukimbia moto, huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na ikipoa ukingo wake ni mgumu kama ushanga. Nailoni hufanya karibu sawa. Pamba huwaka kwa mwali wa manjano, hunuka karatasi, na majivu yake ni laini, ukiyapuliza yanaruka. Viskosi hufuata pamba. Hariri ya kweli hunuka nywele zilizoungua. Asetati huyeyuka ikinuka siki. Kitambaa cha mchanganyiko, kama zile shati za shule, hufanya yote mawili: kinaacha majivu yenye vipunje vigumu ndani, na kwa kazi hii hakifai, kwa sababu hakiyeyuki kikaisha wala hakibaki.

Tunachotaka ni poliesta ya juu na pamba ya chini. Sababu iko kwenye nyuzi za joto. Polipropilini, ile ya magunia ya plastiki, huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi. Nailoni ni kuanzia 220 hivi, kutegemea aina. Poliesta ni kati ya 250 na 260. Pamba haiyeyuki hata kidogo; hugeuka rangi ya chai, kisha kahawia, kisha huungua. Pasi yako ya nyumbani ikiwekwa kwenye moto mkali kabisa hufika kama nyuzi 200 na ushei, ndiyo maana itakunja gunia lakini haitatoboa oganza. Ncha ya chuma cha solda hupita 300. Kwa hiyo chini ya chuma hicho plastiki yote huondoka, na pamba, ikiguswa kwa haraka, hubaki.

Kuna vitu viwili sivitii motoni kabisa, na nawaomba nanyi msivitie. Cha kwanza ni ngozi bandia ya makochi na vitambaa vya meza vya plastiki. Hiyo mara nyingi ni PVC, na ikiungua hutoa gesi ya asidi inayokula koo na mapafu. Cha pili ni akriliki: manyoya bandia, uzi wa sweta za bei rahisi, na felti nyingine. Ikiungua hutoa sianidi. Kwenye kiberiti utaitambua kwa kutatarika kwake na kwa donge jeusi lisilo na umbo, linalovunjika ukilifinya. Ukiwa na shaka, kirudishe mfukoni kiwe cha kujazia mito kama alivyofanya mamangu.

Uzi

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia.

Ukuta wangu wa kwanza niliushona Ramadhani, usiku tisa baada ya tarawehe, kwa mashine ya miguu ili cherehani ya umeme isiwaamshe watoto. Nilichora kila jiwe. Mistari ilikuwa midogo, imepishana, naipenda mpaka leo nikiikumbuka. Usiku wa kumi nikaupeleka uani nikaupulizia joto kwa mtambo wa hewa moto. Oganza ikaanza kusinyaa vizuri, kisha mistari yenyewe ikaanza kupotea. Haikukatika, ilinywea. Nikauzima mtambo nikaugeuza upande wa nyuma: uzi ulikuwa umeyeyuka pamoja na kitambaa, pakabaki vitundu vya sindano vilivyopangana kama nyayo za siafu. Nilikuwa nimetumia uzi wa kawaida wa kushonea nguo, ule wa rangi zote unaouzwa kila duka, na uzi huo ni poliesta.

Basi jaribu uzi kwa kiberiti kabla ya kuutia sindanoni, hata kama kibandiko chake kinasema pamba. Pia uvute kwa mikono: wa pamba hukatika mapema, na ncha zake huwa na manyoya, wa poliesta hukukata kidole kabla haujakubali. Uzi wa kudarizia unaong'aa nao uko wa aina mbili. Ule wa viskosi unafaa sana, ule wa poliesta haufai, na kwa macho huwezi kuwatenga.

Na bobini pia. Msichana mmoja alitia uzi wa pamba juu akasahau bobini ina uzi wa zamani. Moto uliufungua mshono kutoka chini, na juu pakabaki uzi unaoning'inia. Bobini na sindano zile chakula kimoja.

Kupanga tabaka

Chini kabisa weka marekani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa ambacho jina lake limebaki tangu merikebu za Marekani zilipokileta pwani yetu karne ya 19. Kifue kwanza kwa maji ya moto, kwa sababu kina wanga na kitarudi. Kikate sentimita 40 kwa 50. Utaona ni kikubwa kuliko kipande nilichokutajia. Mshono mzito hukivuta, moto nao hukivuta, na ziada hiyo ndiyo ya kushika kwenye fremu.

Juu yake panga rangi za ndani ya ukuta. Mimi hutumia saten tatu zilizokatwa kwa mapande yasiyo na mpango: rangi ya kutu, kijani ya mwani, na nyeusi ya nida pale ninapotaka shimo refu. Usiyakunje kingo, moto utazikunja. Juu ya saten, tandaza oganza nyeupe nzima. Juu ya hiyo, oganza nyingine ya rangi ya mchanga. Mwisho shifoni ya rangi ya chokaa, nyepesi.

Kumbuka unapanga kinyume. Utakachokiona mwisho kiko chini sasa hivi, na hakuna kitu kitakachofichuka ikiwa hukukiweka. Kwa hiyo kabla ya kufunika piga picha ya zile saten kwa simu. Utaihitaji wakati umeshika chuma na huoni tena kutu iko wapi.

Tabaka tano zinatosha. Zikizidi, sindano inalalamika na joto halifiki chini bila kuharibu juu. Piga bandi kwa mkono, mishono mirefu ya pamba, kuanzia katikati kwenda nje kama miali ya jua. Pini huteleza kwenye oganza.

Kushona kwa mkono huru

Mashine yoyote yenye mshono wa kawaida inafaa. Yangu ni nyeusi ya zamani ya miguu, na kwa kazi hii naipenda kuliko ya umeme kwa sababu mwendo uko kwenye unyayo wangu: nikipunguza, inapunguza papo hapo.

Toa mguu wa cherehani, au weka ule wa kudarizia wenye springi kama unao. Shusha yale meno yanayovuta kitambaa. Mashine nyingine zina kifungo cha kuyashusha. Zisizo nacho, funika meno kwa bamba lake au kwa kadi ngumu iliyotobolewa tundu la sindano na kubandikwa kwa selotepu. Urefu wa mshono uweke sifuri. Sindano namba 90/14. Mkazo wa uzi wa juu upunguze kidogo.

Kaza kitambaa kwenye fremu ya duara, lakini kinyume na anavyofanya mwenye kudarizi kwa mkono: kitambaa kilale juu ya meza ya mashine, ukuta wa fremu ukiwa juu. Kikigongwa kwa kucha kilie kama dufu.

Sasa shusha wenzo wa mguu. Hata kama mguu wenyewe haupo, ushushe. Usipoushusha, uzi wa juu hauna mkazo, na chini ya kitambaa utajiunda mzungusho wa nyuzi kama kiota cha ndege ambao utakuchukua nusu saa kuukata. Nusu ya wanaoniletea mashine wakisema imeharibika, hii ndiyo shida yao.

Pandisha uzi wa bobini juu kwa mshono mmoja, zishike nyuzi zote mbili, shona mara tatu mahali pamoja, ukate mikia. Halafu anza kutembea. Miguu iwe na mwendo wa haraka na sawa, mikono iwe na mwendo wa polepole na sawa. Ukivuta mikono haraka, mishono inakuwa mirefu na moto utaipita katikati. Ukikawia, uzi unarundikana na sindano inavunjika. Mshono mzuri kwa kazi hii ni wa milimita mbili hivi. Tumia robo saa kwenye kitambaa cha majaribio, uandike jina lako, uchore majani. Mikono itaelewa kabla yako.

Kisha chora matumbawe. Sitakupa chati, kwa sababu jiwe la matumbawe halina chati, ila nitakupa vipimo vitatu ninavyovitumia.

Mahali ambapo mistari iko karibu, milimita mbili au tatu, moto hautaweza kutoboa. Utang'ata tu ukaacha mfano wa lasi. Hapa ndipo chokaa inapobaki. Mahali ambapo nafasi ni ya upana wa kidole, oganza itafunguka yote hadi kwenye mstari, na saten itaonekana. Mahali unapotaka tundu lenye ukingo safi, zungusha duara mara tatu juu ya mshono uleule, kama kiua. Duara la mstari mmoja hufunguka likapinda; la mistari mitatu husimama.

Acha pia sehemu ambazo hukuzishona kabisa, mbili au tatu, kubwa kama kiganja. Mwanafunzi huogopa pengo akajaza mshono kila mahali, kisha moto ukija hauna la kufanya. Ukuta wa Takwa una mahali palipoanguka, pengo tu.

Kama utataka kazi ya kuangaza, isiyo na marekani nyuma, sheria inabadilika: kila mstari lazima uvuke mstari mwingine, la sivyo kipande kitadondoka mara oganza inayokishikilia ikiondoka. Anza na yenye marekani.

Mahali pa kuchomea

Chumbani hapana. Nyumba zetu za mawe zina kiwanda, yaani ua mdogo wa ndani, katikati, kilicho wazi juu. Mimi hufanyia hapo, asubuhi kabla upepo haujaamka. Miezi ya kusi upepo huingia hata kiwandani ukayumbisha joto, kwa hiyo siku ya upepo hushona tu. Chini ya makuti usithubutu, wala kwenye paa lenye makuti ya jirani karibu.

Moshi wa poliesta unaumiza. Barakoa ya kitambaa na ile ya hospitali huzuia vumbi, gesi inapita. Pata ile ya mpira yenye vichujio vya mkaa, wanayovaa wapaka rangi za magari na maboti, ukae upande upepo unakotoka. Kichwa kikianza kuuma, zima, toka nje.

Vaa pamba. Mimi hufunga leso, mikono nikaikunja juu ya viwiko, na buibui naliacha msumarini kwa sababu nalo ni poliesta na linaweza kuyeyukia mwilini. Ndoo ya maji iwe ubavuni, na sahani ya mchanga. Tone la plastiki likikuangukia usilibandue: weka mkono chini ya maji yanayotiririka, maji ya kawaida, dakika 20, kisha liache litoke lenyewe au uende hospitali. Watoto wakae kwa jirani.

Chuma cha solda

Kakangu anatengeneza simu, na chuma changu cha kwanza kilikuwa chake cha zamani, cha wati 30 chenye ncha nyembamba. Hicho kinatosha. Cha wati 60 huwa kikali mno kwa oganza, kinafungua kabla hujaamua.

Weka kazi juu ya kigae cha sakafuni kilichogeuzwa, upande usiong'aa juu. Washa chuma, subiri dakika tano. Kishike kama kalamu ya wino, mbali na ncha, na usikandamize hata kidogo. Uzito wa chuma chenyewe ni mwingi tayari.

Tazama kinachotokea, kwa sababu kazi yote iko katika muda mfupi huu. Ncha ikigusa shifoni, shifoni hurudi nyuma kama konokono aliyeguswa. Tundu hufunguka dogo kuliko punje ya mtama, kingo zake zikang'aa kwa unyevu, kisha zikaganda. Ukibaki hapo hesabu ya moja, tabaka ya juu peke yake imeondoka. Moja, mbili: oganza ya mchanga imefunguka nayo. Moja, mbili, tatu: oganza nyeupe pia, na kwa chini kutu inakutazama. Ukifika tano, saten inachemka na marekani inaanza kugeuka kahawia. Kahawia hiyo kidogo ni nzuri. Naitaka kwenye nyufa. Lakini iwe uliikusudia.

Kwa tundu la duara simamisha chuma wima. Kwa ukingo wa chokaa iliyobanduka kilaze, ukikokote kufuata mshono kwa nje, nywele moja kutoka kwenye uzi. Plastiki itajikunja hadi uzini ikasimama hapo yenyewe. Mara ya kwanza utakapoona plastiki imefika uzini ikasita, utaelewa kwa nini nilikusumbua na kiberiti.

Safisha ncha kila baada ya matundu kumi kwa sifongo lililolowa, lile la kakangu la kwenye kopo, au kwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Ncha chafu hupaka masizi kwenye oganza nyeupe na hayatoki.

Usifuate mpango kuanzia kushoto kwenda kulia. Fungua penye kivuli kwanza, urudi nyuma hatua tatu, utazame, urudi. Ukichoma bila kuinuka utamaliza ukuta wote na hutabaki na chokaa.

Mtambo wa hewa moto

Wengine huuita bloa. Ule wa mafundi wa simu una mdomo mwembamba na unaweza kuupimia joto. Ule wa mafundi wa rangi ni mkali na mpana. Wowote kati ya hiyo, anza mbali, shibiri moja kutoka kwenye kitambaa, usogee polepole mpaka uone shifoni inatetemeka. Ikitetemeka usiendelee kusogea. Zungusha mkono kama unayepepea mkaa. Zile sehemu kubwa ulizoziacha bila mshono zitapasuka kwa sekunde chache, zikaacha nyuzi nyembamba kama utando wa buibui zinazovuka kutoka ukingo hadi ukingo. Hizo ziache. Ndizo mizizi.

Mahali usipotaka paguswe, weka chuma juu: sarafu ya shilingi 20, washa za boliti, kijiko kilicholala kifudifudi. Joto litapita pembeni, na ukiinua sarafu utakuta duara kamili la chokaa isiyoguswa. Inua kwa kibano, kwa sababu sarafu imechukua joto lote ulilolinyima kitambaa.

Kitambaa kitajivuta na kujikunja. Kingali na joto kifunike kwa karatasi ya kuokea keki na ulaze ubao juu yake mpaka kipoe.

Mabamba ya chokaa

Hii naifanya mwisho, na si lazima, lakini watu wanapoikaribia kazi mkono wao huenda hapa kwanza. Chukua gunia jeupe la plastiki la mchele, lioshe, lipake rangi ya maji ya ukutani iliyochanganywa na maji kidogo, likauke. Kata mapande yasiyo na umbo, makubwa mara mbili ya unayotaka. Weka pande moja kati ya karatasi mbili za kuokea, upitishe pasi ya moto wa kati, uinue kila sekunde mbili kutazama. Gunia hurudi, huwa zito, huinuka mabonde na vilima, na rangi iliyopakwa hupasuka nyufa halisi kama chokaa iliyokaa juani miaka. Karatasi isikose hata mara moja, ama pasi yako imekwisha. Mlango uwe wazi na barakoa iwe usoni hapa pia.

Yashone mabamba haya kwa mkono, mishono mitatu upande mmoja tu, ili upande wa pili uinuke.

Kumaliza na kutundika

Ondoa bandi. Pitisha brashi laini ya meno kutoa vipande vilivyokauka. Vikibaki vitakwaruza mkono wa anayegusa. Ukiona mahali umetoboa kupita kiasi, usihuzunike sana na usikate kipande cha kubandika juu. Rudi kwenye mashine, pitisha uzi wa kahawia huku na huko kwenye marekani iliyo wazi mpaka ijae, pawe kama jiwe limejazwa udongo. Plastiki iliyoganda ni ngumu, kwa hiyo badilisha sindano baada ya ukarabati kama huo, na mashine ipanguse na kuitia mafuta. Hewa ya bahari haisubiri kesho.

Kata kingo zifikie 30 kwa 40, ukunje marekani kwa nyuma. Juu acha mfereji wa kupitisha fito. Mimi hutumia fito ya mkoko, kipande kinachobaki watu wakijenga. Ni nyoofu na wadudu hawaipendi.

Usiitundike mahali jua linapopiga moja kwa moja, oganza itapauka, wala kwenye ukuta unaotoa chumvi, marekani itaota kuvu. Weka vijiti viwili nyuma ya fito ili kitambaa kisilale ukutani, nafasi ya vidole viwili hivi. Kisha fungua dirisha la ubavuni asubuhi. Mwanga unapita kwenye matundu na kuangukia ukuta mweupe ulio nyuma, na matumbawe yanaonekana mara mbili, mara moja kwa uzi na mara moja kwa kivuli. Mamangu macho yake hayana nguvu sasa, yeye hutazama kivuli. "Ndoo utizame hapa," yaani njoo, huniambia kwa Kiamu, akinionyesha tundu nililolisahau.